Haja, Tamaa na Taka

Mgeni afikapo Mangapwani, kaskazini magharibi ya Unguja, huonyeshwa chumba kilichochongwa katika jiwe la matumbawe. Humo walifichwa watumwa baada ya mkataba wa mwaka 1873 kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Sheria ilikuwapo, lakini faida nayo ilikuwapo. Biashara ikaingia chini ya ardhi. Hatumfananishi binadamu na bidhaa. Tunasema tu kwamba katazo peke yake haling'oi mzizi.

Leo bahari hutapika chupa na mifuko ya plastiki katika fukwe zetu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, na Tanzania Bara mwaka 2019. Hatua hizo ni sahihi. Kwa nini basi taka hazijaisha?

Lazima tutofautishe haja na tamaa. Haja ina kikomo: mwenye ndoo nzima hahitaji nyingine. Bepari hawezi kuridhika na kikomo hicho, maana mtaji usiozunguka hauzai. Kwa hiyo hutumia njia mbili.

Kwanza, hufupisha maisha ya kitu. Mwaka 1924 makampuni ya taa za umeme, yakiwemo Osram na Philips, yaliunda umoja wa Phoebus. Yalikubaliana balbu isizidi saa 1,000, ingawa nyingi zilikuwa zikidumu saa 1,500 na zaidi. Aliyetengeneza balbu za kudumu zaidi alitozwa faini.

Pili, hufupisha subira ya mtu. Tangazo humfanya aonee aibu kitu chake kizima. Hapo kilichochakaa si kitu, bali ni fikra.

Tuchukue mfano wa pakacha. Limesukwa kwa makuti; likichakaa huoza shambani likawa mbolea. Lakini aliyebeba pakacha aliitwa mshamba, na mwenye mfuko wa plastiki mstaarabu. Hiyo ni kasumba. Faida imekwenda kwa mwenye kiwanda. Mzigo umebaki kwa mvuvi anayevuta wavu uliojaa plastiki.

Wajibu wetu ni nini? Kada ajikague kabla ya kuwahutubia wengine: je, simu aliyoitupa ilikuwa mbovu? Fundi wa redio na pasi aheshimiwe kama mzalishaji. Wasukaji wasaidiwe kupata soko. Na anayeingiza bidhaa abebe gharama ya taka zake. Bila hayo, tutafunga duka la mifuko mchana, nayo itauzwa usiku.