KWA NINI UNAPITA KWA WATU WENGI KITUONI?



Wakazi wengi wa Dzaleka huuliza hivi: "Nimefika kituo cha afya asubuhi. Wa kwanza kanipima presha, wa pili kaniuliza maswali, wa tatu kanitoa damu, wa nne kanipa dawa. Maswali ni yaleyale, na daktari sikumwona. Je, nimetibiwa kweli?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ni hili.

Kazi ya kikundi

Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstani ya leo, yakakubaliana kuhusu huduma ya afya ya msingi. Walisema kazi hiyo itegemee waganga, wauguzi, wakunga, wasaidizi na wahudumu wa afya wa jamii, waliofundishwa kufanya kazi kama kikundi kimoja.

Ndiyo sababu katika vituo vya afya vya Malawi mgonjwa kwa kawaida huonwa na mganga msaidizi, siyo daktari. Hujadharauliwa kwa kuwa ni mkimbizi. Raia wa Malawi nao hutibiwa hivyo hivyo. Ugonjwa ukizidi uwezo wa kituo, unapelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, au Kamuzu Central Hospital mjini Lilongwe.

Wanajifunzaje?

Zamani wauguzi walikuwa na chuo chao, chenye makao Lilongwe, na madaktari walikuwa na chao, Blantyre. Mwaka 2021 vyuo hivyo viwili viliunganishwa vikawa Kamuzu University of Health Sciences. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2010, lilihimiza wanafunzi wa fani mbalimbali za afya wajifunze pamoja, kila mmoja aijue kazi ya mwenzake. Anayejua kazi ya mwenzake hujua la kumwambia na wakati wa kumwita.

Tuchukue mfano

Mama ana mimba ya miezi minane. Anamwambia mhudumu wa afya wa mtaani kwamba kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu. Mhudumu anampeleka kituoni. Mkunga anampima, presha iko juu. Maabara inakuta protini katika mkojo. Maumivu ya kichwa peke yake yangeweza kuonekana kama malaria. Lakini mambo yote matatu yakiwekwa pamoja, yanaonyesha hatari ya kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Mama anapigwa sindano ya kuzuia degedege, gari linaitwa, na hospitali inapewa habari kabla hajafika. Lilongwe ni zaidi ya kilomita 40, kwa hiyo kila dakika ina thamani. Mmoja akinyamaza, mama anaweza kupotea.

Wewe pia umo katika kikundi hiki

1. Njoo na kijitabu chako cha afya kila mara, hata ukienda Lilongwe. Humo ndimo mmoja anasoma alichoandika mwenzake. Usikipoteze, wala usimwazime mtu.

2. Jibu swali hata kama umeshalijibu. Mtoa dawa anapouliza jina lako, kama una mimba, au kama kuna dawa inayokudhuru, anahakikisha usipewe dawa ya mtu mwingine au dawa ya kukuumiza.

3. Sema yote, hata dawa ulizonunua dukani na za kienyeji. Hakuna atakayeweza kukusaidia kwa jambo ulilomficha.

4. Kama hujui Chichewa wala Kiingereza, omba mkalimani. Asipokuwepo, njoo na mtu mzima unayemwamini. Usimtumie mtoto: kuna maneno ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya mwanawe.

5. Kabla ya kuondoka uliza: Ninaumwa nini? Dawa hii naimezaje? Nikiona dalili gani nirudi haraka?

Mama mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa, macho yenye ukungu, uso uliovimba, degedege au kutokwa damu asisubiri kesho. Apelekwe kituoni mara moja, hata usiku.

Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Tafadhali msomee jirani yako asiyejua kusoma.