Almasi na Vifananavyo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wananchi wa Tarime na Serengeti, pamoja na ndugu zetu wa visiwa vya Ukerewe na Ukara, hawana budi kuikumbuka methali hii kila mtu asiyejulikana anapotoa mfukoni jiwe jeupe linalometameta na kuliita almasi.

Tarime inasifika kwa dhahabu ya Nyamongo. Almasi iko Mwadui, mkoani Shinyanga, ilikovumbuliwa na John Williamson mwaka 1940. Kwa kuwa Mwadui nayo imo katika Kanda hii ya Ziwa, uongo wa mlanguzi hupata sura ya ukweli.

Mawe yanayofanana na almasi ni mengi. Yapo ya asili, kama zirkoni nyeupe na topazi. Yapo pia ya viwandani: zirkonia, iliyoanza kutengenezwa kwa biashara mwaka 1976, na mosanaiti, iliyoingia katika soko la vito mwishoni mwa miaka ya 1990. Kuyavaa si aibu. Bibi harusi aliyenunuliwa zirkonia kwa bei ya zirkonia hakudhulumiwa. Dhuluma huanza pale jiwe linapoazimwa jina lisilo lake, mfugaji akalitolea ng'ombe, au mvuvi akalitolea nyavu zake.

Wengi hudhani kwamba jiwe likikwaruza kioo ni almasi. Sivyo, zirkonia na mosanaiti nazo hukikwaruza. Wengine huligonga kwa nyundo. Hilo ni kosa kubwa zaidi, kwani almasi, ingawa ni ngumu kuliko madini yote ya asili, hupasuka ikigongwa. Mizani husaidia, maana zirkonia ni nzito zaidi ya mara moja na nusu kuliko almasi ya ukubwa uleule. Kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto husaidia pia, lakini mosanaiti huweza kukihadaa. Ndiyo sababu neno la mwisho ni la mtaalamu.

Sheria inamtaka mfanyabiashara wa madini awe na leseni, na tangu mwaka 2019 Serikali imeanzisha masoko ya madini ili biashara hiyo ifanyike hadharani. Tunawaomba viongozi wa wilaya waifikishe elimu hii minadani na kwenye mialo ya visiwani, isiishie mijini. Naye mwananchi akatae kununua kichochoroni. Mwenye jiwe la kweli hana sababu ya kuikimbia mizani.