Kava la kishikwambi si pambo tu: niliyojifunza Embu na Meru

Kishikwambi changu cha kwanza cha kazi kilikufa ndani ya matatu, baina ya Runyenjes na Chuka, mwezi wa Novemba. Hakikuanguka wala hakikuibiwa. Kilikuwa kimelala ndani ya mkoba wangu, kimevaa kava la rangi ya waridi lenye ua la dhahabu, nililolinunua Mombasa wiki moja kabla ya kwenda bara. Mvua ilikuwa imeninyeshea kutoka kituo cha afya hadi barabarani. Maji yakaingia mkobani, yakapenya kwenye kava, na kwa kuwa ndani lilikuwa na kitambaa laini, likayanywa na kuyashika. Mimi nimekaa nimetulia nikitazama mashamba ya chai, kumbe kishikwambi kinaoga.

Nilipokitoa Chuka, kioo kilikuwa cheusi. Ndani yake mlikuwa na majibu ya nyumba 31 ambayo sikuwa nimeyatuma kwa sababu mtandao ulikuwa unasumbua. Siku mbili za kutembea kwa miguu zilikwenda na maji. Aliyeniajiri akanikata nusu ya bei ya kifaa kwenye mshahara, kwa mafungu matatu.

Naanza na kisa hiki kwa sababu dada anapotaja kava zuri la kishikwambi, watu hucheka wakidhani ni mambo ya urembo. Urembo upo, na sioni aibu kuutaka. Lakini kava ni chombo cha kazi, na anayelichagua kwa macho pekee atalipa kama nilivyolipa mimi. Nilikaa Embu na Meru miaka miwili. Haya ndiyo niliyoyapata huko, nikayarudisha nyumbani Pwani.

Kwa nini Embu na Meru

Kwa msomaji ambaye hajafika, kaunti hizi mbili ziko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, mlima wenye urefu wa mita 5,199. Ukiwa Timau unavaa sweta mchana. Ukishuka Siakago, upande wa Mbeere, ni jua na vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno. Katikati kuna ukanda wa chai na kahawa ambako mvua za Oktoba hadi Disemba hazina mchezo. Mfanyakazi wa nyanjani anaweza kupita hali hizi zote kwa juma moja, na kifaa chake kinapita naye.

Tena kifaa hicho sasa hakikwepeki. Sensa ya Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa bila karatasi. Waliohesabu walibeba vishikwambi. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba ya kazi na simu za kuandikia habari za kila nyumba. Wengi wao ni wanawake. Posho yao iliwekwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mwaka 2022 Embu na Meru zote zilichagua magavana wanawake, Cecily Mbarire na Kawira Mwangaza. Lakini ninayemzungumzia hapa ni yule mama anayevuka mto kwa ubao mmoja, simu ya kazi akiwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni wa sukari.

Kipimo kwanza, rangi baadaye

Kosa la kwanza tunalofanya dukani ni kuuliza, "Mna kava la inchi 10?" Inchi zinazotajwa hupima kioo peke yake, kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Hazisemi lolote kuhusu upana wa ukingo, unene wa kifaa, mahali pa kamera wala vitufe. Vishikwambi viwili vya inchi 10 vinaweza kutofautiana kiasi cha kava la kimoja kuziba kamera ya kingine. Taja jina kamili la modeli, ambalo utalipata kwenye mipangilio ya kifaa, na ikiwezekana nenda nacho dukani ukivalishe pale pale.

Angalia pembe nne. Kifaa kikianguka mara nyingi hutua kwa pembe, na hapo ndipo kioo huanza kupasuka. Kava linaloacha pembe wazi ni nguo tu. Lile la mpira mgumu kiasi, lililoinuka kidogo kuzidi kioo, ndilo linalopokea kishindo.

Makava mengi ya kufunika yana sumaku: ukifunga kioo kinalala, ukifungua kinaamka. Ni jambo zuri, linaokoa chaji. Ila usichomeke ndani yake kadi zenye ule ukanda mweusi wa sumaku mgongoni, kama kadi za milango ya hoteli, kwani huweza kufutika. Na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asilale na kava la namna hiyo kifuani.

Ngozi, ngozi bandia na hewa ya Pwani

Hapa wasomaji wa Pwani tusikilizane. Rafiki yangu mwalimu wa Meru alikuwa na kava la ngozi bandia, miaka mitatu halijabanduka. Mimi nilinunua linalofanana nalo, nikarudi nalo Mombasa, na kabla ya mwaka kwisha lilikuwa linaacha magamba meusi kwenye dera langu. Halikuwa feki. Ngozi bandia nyingi ni kitambaa kilichopakwa utando wa poliyurethani, na utando huo huvunjwa polepole na unyevu ukisaidiwa na joto. Vyote viwili sisi tunavyo mwaka mzima.

Ngozi halisi huvumilia zaidi, lakini nayo ina adui yake: ukungu. Katika baridi ya Julai huko Embu, kava la ngozi likiwekwa kabatini likiwa na unyevu hutoka na madoa meupe. Lifute, likaukie kivulini penye upepo, usilianike juani likakakamaa. Mpira laini wa silikoni hauozi, ila huvuta vumbi. Mbeere nilikuwa nalisafisha kila jioni. Plastiki ngumu inayong'aa ndiyo inayopendeza zaidi kwenye picha na ndiyo inayopasuka mapema.

Halafu joto lenyewe. Kampuni kama Apple huelekeza kwamba vishikwambi vyake vitumike mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35. Mchana wa Machi Mombasa hauko mbali na hapo, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita mbali sana. Ukichaji na kifaa kikawa cha moto, kivue kava. Betri inayochemshwa kila siku huzeeka kabla ya wakati wake.

Vidude vinavyofuatana na kava

Kioo cha kinga: Paketi nyingi huandikwa 9H, na muuzaji atakuapia kwamba hata kisu hakikikwaruzi. Alama hiyo kwa kawaida hutokana na kipimo cha ugumu wa penseli. Mchanga wetu wa ufukweni ni mgumu kuliko kioo, kwa hiyo pangusa kwanza, usisugue.

Kioo cha siri: Hiki humfanya aliyekaa kando yako aone giza huku wewe ukisoma. Kwa nesi au mhudumu wa afya anayepanda matatu, nakihesabu kuwa lazima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazitaja habari za afya ya mtu miongoni mwa data nyeti. Jirani yako kwenye kiti hana haki ya kujua nani ana maradhi gani. Ubaya wake ni kwamba hupunguza mwanga, na kwenye jua la Mbeere utalazimika kuongeza mwanga na kula chaji.

Pawabenki: Namba ya milliampia inayoandikwa juu ni ya betri za ndani, zenye volti 3.7. Umeme ukitoka kwa volti 5, na mwingine ukapotea kwa joto, pawabenki ya 10,000 hukupa kama 6,000 hivi. Hiyo yatosha kujaza simu mara moja na zaidi, lakini kishikwambi kikubwa huenda kisijae. Ukipanda ndege Mombasa, ibebe mkononi, usiiweke kwenye sanduku la mizigo. Kiwango kinachoruhusiwa bila kuomba idhini ni wati-saa 100, yaani takriban milliampia 27,000.

Mkanda wa mkono: Kitu kidogo kinachodharauliwa. Mwanamke anayeandika amesimama, mtoto wa mwenye nyumba anavuta sketi, anahitaji kushika kishikwambi kwa mkono mmoja. Kava lenye mkanda nyuma liliniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Leso, kiondo na fundi wa Meru

Baada ya mkasa wa Novemba sikuwa na pesa za kava jingine la dukani. Nikampelekea fundi cherehani mmoja mjini Meru leso yangu kuukuu, nikamwambia nataka mfuko wa kishikwambi.

"Madam, hii nguo ni nyepesi," akanijibu. "Maji itapita."

"Ndiyo nimekuja kwako, fundi."

Akatoa mwavuli uliovunjika vijiti, akakata kile kitambaa chake kisichopitisha maji. Akaweka leso nje, kitambaa cha mwavuli chini yake, sponji nyembamba katikati, na flana laini ndani. Mdomo akauwekea kifuniko kirefu kinachokunjika kushuka chini, ili maji ya juu yateleze yasiingie. Zipu peke yake, akaniambia, haizuii mvua. Maji hupita kwenye meno yake.

Ukitaka kushonewa, pima urefu wa kifaa, ongeza unene wake, kisha ongeza sentimita 3 za mshono na sponji. Fanya vivyo hivyo kwa upana. Mfuko ukibana sana, kila ukichomoa kishikwambi utabonyeza vitufe. Ukilegea sana, kitagongana humo ndani.

Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa langu. Sikumweleza fundi kuhusu jina la leso. Yeye akakata palipomfaa, pindo likaja mbele vizuri sana, lakini jina likakatika katikati, na nusu iliyobaki ilisomeka kama matusi kwa mama mkwe. Watu wa Embu hawakujali. Nilipofika Mombasa kwenye mkutano, mwenzangu akasoma, akanitazama, akafunika mdomo kwa mtandio. Kwa hiyo, mwanamke wa ofisini: chukua mji na pindo, jina liangalie kabla mkasi haujapita.

Na juu ya mfuko ule nilibeba kiondo. Akina mama wa Embu, Meru, Ukambani na Kikuyu wamesuka viondo tangu zamani, na vya siku hizi hutiwa mikanda ya ngozi na bitana. Kiondo cha mkonge kina umbo imara, hakibonyei kikibanwa kwenye matatu, na mwizi haoni kuwa ndani mna kishikwambi. Kiondo chenyewe hupitisha maji, lakini kwa kuwa mfuko wa ndani hauyaruhusu, vinasaidiana. Gharama ya fundi na kiondo pamoja haikufika robo ya pesa nilizokatwa.

Kikishalowa

Zima mara moja. Usichaji, hata kama chaji inaonyesha asilimia 2 na roho inakudunda. Vua kava, kifute, kisimamishe mdomo wa chaji ukitazama chini, na kiache mahali penye hewa. Usikitumbukize kwenye mchele. Mwaka 2024 Apple ilitoa onyo kuhusu simu zake kwamba chembe za mchele huweza kuingia ndani na kuharibu zaidi. Na zaidi ya yote, tuma kazi yako kila unapopata mtandao. Kifaa hununuliwa kingine. Nyumba 31 huzirudii kirahisi, na mama aliyekueleza siri zake mara ya kwanza huenda asikueleze tena.

Nani alipe

Neno langu la mwisho ni kwa wanaoajiri, Pwani na bara. Ukimpa mfanyakazi kifaa cha maelfu ya shilingi, ukamtuma mvuani, kisha ukamwachia mwenyewe atafute kava, umemkabidhi mzigo usio wake. Mhudumu mwenye posho ya shilingi 5,000 hawezi kuchagua kati ya unga na kava. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kava, kioo cha kinga na mfuko usiopitisha maji viingie kwenye orodha ya vifaa siku ile ile kishikwambi kinapotolewa. Vishonwe na mafundi wetu, na wanaovibeba waulizwe kwanza wanavitaka viweje.

Kishikwambi changu cha pili kilimaliza mvua mbili za vuli na vumbi lote la Siakago. Nilikirudisha kikiwa hakina mkwaruzo. Karani wa stoo alikigeuza mara mbili, akatia sahihi, akanyoosha mkono kuchukua na ule mfuko. Nikamwambia huo ni wangu.