MAJI YALIYOMO NDANI YA MAWE YA KIUNGA

Kiunga, mji wa pwani ulio karibu na mpaka wa Somalia, umejengwa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo yamejaa vitundu, mfano wa mkate wa kumimina, na mvua inyeshapo huyanywa maji na kuyaweka.

Maji yapitapo udongoni huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi, nayo huyapa ukali kidogo wa kuyeyusha chokaa ya jiwe. Ndiyo sababu sabuni haitoi povu upesi kwa maji ya kisima, na birika ya chai hushika ukoko mweupe. Wengi humlaumu mwenye duka la sabuni bure. Chokaa hiyo haidhuru mwili.

Mawe ya volkano yana tabia nyingine. Huko Meru ya Tanganyika ya zamani na katika Bonde la Ufa, maji huchukua floridi kutoka katika mawe. Ikizidi miligramu 1.5 katika lita, meno ya watoto yaweza kuingia madoa ya kahawia. Ikizidi mno, mifupa huharibika.

Adui wa Kiunga ni bahari. Maji ya mvua, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya katika vitundu vile vile. Mholanzi Badon Ghyben, na baada yake Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walieleza ya kuwa maji matamu yakisimama futi 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo huwako kiasi cha futi 40. Basi yakishuka futi 1 kwa kuchotwa mno, chumvi hupanda polepole futi 40. Mtu achimbaye zaidi wakati wa kiangazi, akitumaini maji mengi, huifuata chumvi iliko.

Tena kidogo chatosha kuharibu. Lita ya maji ya bahari ina gramu 19 hivi za kloridi, na ulimi huweza kuitambua ifikapo miligramu 250; yaani kibaba kimoja cha bahari katika vibaba 75. Mpimaji hutia matone ya nitrati ya fedha, na penye chumvi maji hugeuka meupe kama tui. Akipima mara kwa mara, huiona chumvi ikija kabla ya mnywaji, na kisima chaweza kupumzishwa mapema.

Watu wa pwani hiyo hujenga pia majabia ya kukusanya mvua. Lakini masika yakikosa, jabia hukauka, na wote hurudi kisimani wakati ule ule ambapo maji yake ni machache.