Safari za Kutafuta Siha: Mlaji Ajue Analipia Nini

Desturi ya kusafiri kwa ajili ya afya si ngeni kwetu. Wapo waliofuata chemchemi za maji moto, waliovuka wilaya mbili tatu kumfikia mganga mwenye sifa, na waliopelekwa kwa ndugu wa nyanda za juu kubadili hewa baada ya maradhi ya muda mrefu. Siku hizi desturi hiyo imekuwa biashara yenye matangazo, bei na mawakala, nayo huitwa utalii wa siha.

Utalii wa siha hutofautiana na utalii tiba. Anayesafiri kwenda kufanyiwa upasuaji au kutibiwa ugonjwa uliokwisha kupimwa ni mtalii tiba. Mtalii wa siha hutafuta kuitunza au kuiimarisha afya aliyonayo: apumzike, alale vizuri, atembee, ale vyema, atulize nafsi. Kwa wengine hiyo ndiyo nia kuu ya safari. Kwa wengine ni nyongeza tu, kama vile mfanyakazi aliyekwenda semina Babati akaongeza siku mbili za kupanda mlima.

Tofauti hii inamhusu mlaji moja kwa moja. Huduma ya hospitali ina mtaalamu aliyesajiliwa, jalada la mgonjwa na utaratibu wa kulalamika. Safari ya siha mara nyingi ina picha nzuri na ahadi. Katika makala haya tunazitazama wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ili kuonyesha ni kipi msafiri anaweza kukipata kweli, ni kipi hakiuziki, na ni mambo gani ayahakikishe kabla ya kutoa fedha.

Wasafiri hutafuta nini Mbulu na Hanang?

Wilaya hizi zina mengi ya kumvuta aliyechoshwa na joto na kelele za jiji. Mlima Hanang wenye kimo cha mita 3,417 husimama peke yake juu ya mji wa Katesh, na msitu wake umehifadhiwa. Chini yake liko Ziwa Balangida, ziwa la magadi ambalo wenyeji huvuna chumvi. Nyanda za Mbulu zina hewa ya ubaridi, msitu wa Nou, na mashamba ya Wairaqw yaliyotunzwa kwa ustadi kwenye miteremko. Upande wa magharibi liko bonde la Yaeda, wanakoishi Wahadzabe, ambao baadhi yao hadi leo hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali.

Tukiyachambua matakwa ya wasafiri, tunakuta mambo manne: utulivu, mwendo wa mwili, chakula kisichosindikwa, na ukaribu na watu wenye maisha tofauti na yao. Yote manne yana faida ya kweli. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mwenye siku nne za kutembea milimani huupita kwa urahisi ushauri huo wa wiki. Usingizi bila simu wala foleni humburudisha mtu yeyote. Hata hivyo, faida hizo hutokana na yale msafiri anayoyafanya, nazo hudumu kadiri anavyoendelea kuyafanya akirudi nyumbani.

Utafiti uliofanywa kwa Wahadzabe wenyewe unalifafanua jambo hili. Mwaka 2017 Profesa Tim Spector wa King's College London alieleza jinsi alivyokaa nao siku tatu akila walichokula. Vipimo vilionyesha kwamba aina za bakteria wenye manufaa tumboni mwake ziliongezeka kwa takribani asilimia 20. Siku chache baada ya kurudi kwenye chakula chake cha kawaida, ongezeko hilo lilitoweka. Naye Herman Pontzer na wenzake walichapisha mwaka 2012 matokeo yaliyowashangaza wengi: Wahadzabe hutembea sana kila siku, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati wanayotumia kwa siku haitofautiani sana na ya wakazi wa Marekani na Ulaya. Kwa hiyo wakala anayeuza siku tatu za kula vyakula vya asili akiahidi kupunguza uzito wa kudumu au kusafisha tumbo moja kwa moja anaahidi kisichouzika.

Funzo la Loliondo

Mwaka 2011 Tanzania ilishuhudia safari kubwa ya kutafuta afya. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mkoani Arusha, Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Watu walimiminika kutoka kila mkoa na kutoka nchi jirani, na foleni ya magari ikaenea kwa kilometa nyingi.

Kwa upande wa mlaji, funzo kubwa limo katika hesabu. Kikombe kilikuwa shilingi 500, lakini gharama ya safari haikuwa hiyo. Ilikuwamo nauli, iliyopanda kadiri watu walivyoongezeka. Zilikuwamo siku za kulala njiani pasipo huduma za kutosha. Na kwa wengine ilikuwamo dawa waliyoiacha. Wapo wagonjwa wa kisukari na wanaoishi na virusi vya UKIMWI walioacha kumeza dawa zao wakiamini wamepona. Wapo pia mahututi waliotolewa hospitalini na kufariki wakiwa njiani au kwenye foleni.

Hatulirejei jambo hili ili kudharau imani ya mtu wala tiba za asili. Tiba asili inatambuliwa na sheria ya nchi: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na kusimamia huduma zao. Tunalolisisitiza ni hili: kabla ya kusafiri, jumlisha gharama zote, na usiache dawa uliyoandikiwa bila kuzungumza na daktari aliyekuandikia. Mtoa huduma anayekutaka uache dawa ili tiba yake ifanye kazi amekwisha kukupa sababu ya kutosha ya kumkataa.

Mlima si bustani

Matangazo ya kupanda Mlima Hanang husifu hewa safi na mandhari. Mlaji anapaswa kuuliza zaidi ya hayo. Mpandaji hupanda zaidi ya mita 1,500 kutoka Katesh hadi kileleni, na wengi hutaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kuanzia kimo cha mita 2,500 hivi, mtu anaweza kupatwa na ugonjwa unaoletwa na upungufu wa hewa: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Dalili zikianza, usiendelee kupanda. Zikizidi, shuka mara moja, hata kama kilele kinaonekana na umekwisha kulipa. Joto nalo hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Beba nguo nzito na maji ya kutosha tangu chini.

Mlima huu unadai heshima kwa sababu nyingine pia. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyolowa maji ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakaporomoka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na wengi wakabaki bila makazi. Msafiri afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na apendelee miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba. Kabla ya kulipa, muulize wakala: mvua kubwa ikinyesha, safari itaahirishwa au nitarudishiwa fedha? Jibu liandikwe. Wakala asiye na jibu atashawishika kukupandisha hata pale ambapo kurudi ndilo jambo la busara.

Maji ya asili na chakula cha asili

Neno asili huuza sana, lakini halina maana ya salama. Katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa kaskazini mwa nchi, ikiwamo sehemu ya mkoa wa Manyara, maji ya chemchemi na visima yana madini ya floraidi kupita kiasi. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi kwa miaka mingi, meno hubadilika rangi na mifupa hudhurika, na watoto ndio huathirika zaidi. Siku mbili tatu hazitamdhuru mgeni. Hatari ni kununua madumu ya maji yanayosifiwa kuwa dawa na kuyanywa nyumbani mwaka mzima. Fahamu pia kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi.

Kuhusu kuoga katika maziwa na mito yenye maji baridi yaliyotulia, waulize kwanza wenyeji na wahudumu wa afya wa eneo hilo kama kuna kichocho. Mizizi na majani ya porini usiyale kwa kuelekezwa na mtu asiyeyajua. Asali ni zawadi nzuri ya safari, ila asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Wenyeji si bidhaa

Wageni wengi huingia bonde la Yaeda na maeneo jirani wakitaka kuona maisha ya kale. Wahadzabe ni raia wenye haki zao. Mwaka 2011 sehemu yao katika bonde hilo walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja. Anayewatembelea anaingia katika ardhi ya watu. Muulize wakala ni kiasi gani cha malipo yako kinakifikia kijiji, na kwa njia gani. Omba ridhaa kabla ya kupiga picha, hasa za watoto. Usipeleke pombe kama zawadi. Ukiwa na mafua au kikohozi, ahirisha ziara, kwa maana wenyeji wako hawana hospitali karibu kama wewe.

Kabla ya kulipa

Tunamshauri mlaji ayahakikishe mambo yafuatayo:

1. Leseni. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka anayefanya biashara ya utalii awe na leseni. Omba kuiona, na uangalie kama muda wake haujapita. Mtoa tiba asili awe na cheti cha usajili wa Baraza.

2. Mchanganuo wa bei. Tozo za hifadhi, mwongozaji, usafiri, chakula na malazi vitajwe kila kimoja peke yake. Tozo za serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Usizikabidhi mkononi bila stakabadhi.

3. Maneno ya ahadi. Kutembea saa nne na mwongozaji ni huduma inayoweza kuthibitishwa. Kuondoa sumu zote mwilini ni maneno yasiyopimika. Lipia yale ambayo ukiyakosa unaweza kuonyesha kwamba umeyakosa.

4. Afya yako. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au ujauzito amwone daktari kabla ya safari, na abebe dawa za siku zote za safari pamoja na akiba.

5. Dharura. Jua hospitali iliyo karibu na njia ya kuifikia. Wilaya ya Mbulu ina Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, lakini kutoka bonde la Yaeda au mlimani barabara ni ndefu. Uliza kama kuna gari linalosubiri, na mtandao wa simu unapatikana wapi.

Ukipunjwa au ukidhurika

Tunza tangazo, ujumbe wa simu, mkataba na risiti ya mashine ya kielektroniki. Anza kwa kumwandikia mtoa huduma, ukieleza ulichoahidiwa, ulichopewa na unachodai. Asipojibu, peleka malalamiko yako kwa mamlaka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha au kumdanganya mlaji katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Dawa unayoitilia shaka iripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mganga asiyesajiliwa, kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukitapeliwa fedha, toa taarifa polisi mapema, kabla fedha hazijahamishwa mbali.

Mbulu na Hanang zina vitu ambavyo msafiri aliyechoka anavihitaji kweli: ubaridi, njia za kutembea, chakula cha shambani na watu wakarimu. Kwa bei ya haki na maandalizi mema, vyote hivyo vinapatikana. Mwenye kukuuzia zaidi ya hivyo, akiahidi kukuponya, mtake akuonyeshe cheti chake, na ahadi hiyo umtake aiandike na kutia saini kabla hujafungua pochi.