Uhuru wa Ndani (2): Askofu Aliyejua Kuachia

Juma lililopita tuliona jinsi Askofu Edward Steere alivyoongozana na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar mwaka 1876, hadi wakaweka makazi yao Masasi. Tuliishia kwenye swali: mnyororo wa mguuni ukishakatwa, ule wa moyoni hukatwa na nani? Leo tumtazame mtu aliyelijibu kwa maisha yake.

Trevor Huddleston alikuwa mtawa wa Kianglikana wa Shirika la Ufufuo lenye makao yake Mirfield, Uingereza, ambalo watawa wake huweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Mwaka 1943 alipelekwa Afrika Kusini, akahudumu katika kitongoji cha Sophiatown, akaupinga ubaguzi wa rangi hadharani. Mwaka 1955, kitongoji kile kilipoanza kubomolewa na wakazi wake kuhamishwa kwa nguvu, mkuu wa shirika alimwagiza arudi Uingereza. Agizo lile lilimuumiza mno. Hata hivyo alitii, akaondoka mwaka 1956, akapewa kazi ya kulea wanovisi, yaani wanaojiandaa kuwa watawa.

Hapa msomaji atauliza: utii wa namna hiyo si ndio utumwa wenyewe? Sivyo. Mtumwa hutii kwa kuogopa kiboko. Huddleston alitii ahadi aliyoiweka kwa kinywa chake, akijua gharama yake. Mapenzi yake kwa Sophiatown hayakupungua. Alichokiacha ni dai la kwamba kazi ile ni yake.

Mwaka 1960 akawa Askofu wa Masasi, na Uhuru wa Tanganyika ukamkuta huko. Mwaka 1968, miaka 17 kabla ya Mwalimu Nyerere kung'atuka urais, naye aling'atuka ili jimbo liongozwe na Mwafrika. Kiti kikachukuliwa na Hilary Chisonga. Mara ya kwanza aliamriwa kuachia. Safari hii aliachia bila kuamriwa. Ndivyo nidhamu inavyomlea mtu.

Mkulima wa korosho wa Newala anaijua elimu hii ya kuachia. Korosho nzuri haichumwi mtini, huokotwa. Kabla ya msimu, mwenye shamba hupalilia na kufagia chini ya mkorosho mpaka ardhi ibaki nyeupe. Kisha husubiri. Bibo likiiva huanguka lenyewe. Mama huinama, akaliokota, akainyonga korosho kwa vidole mpaka inyofoke, akaitia kikapuni tayari kwa kuanikwa juani. Mwenye pupa hutikisa matawi, akaangusha na mbichi, na mbichi hushusha daraja la mzigo wake ghalani.

Kufagia ni wajibu wetu wa kila siku: sala, kazi, kiasi katika kula na kusema. Kuiva na kuanguka hakumo mikononi mwetu. Anayeacha kufagia hupoteza korosho zake majanini. Anayeng'ang'ania tawi huchoka bure.

Basi, ndugu msomaji, chagua kitu kimoja ulichokikumbatia hadi kikakukumbatia wewe: cheo cha kamati, ugomvi wa mpaka wa shamba, kinyongo juu ya ndugu yako. Fagia chini yake kwa subira, siku baada ya siku, hata siku utakapokiachia mkono wako usitetemeke.

Juma lijalo tutaingia jandoni, tuone wazee wa Masasi walivyomfundisha kijana kujitawala kabla ya kutawala nyumba.