Kanuni za Montessori na Lugha ya Herufi za Kwanza: Hali ya Butembo na Beni

Maria Montessori (1870–1952), daktari wa Kiitalia, alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza tarehe 6 Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Mbinu iliyozaliwa humo yategemea kanuni chache. Kwanza, mazingira hutayarishwa kwa kimo cha mtoto: rafu fupi, viti vyepesi, vifaa anavyojichagulia. Pili, watoto wa miaka 3 hadi 6 hukaa darasa moja, ili mdogo ajifunze kwa mkubwa. Tatu, kifaa chenyewe hufichua kosa: kipande cha mti kisichoingia katika tundu lake humfanya mtoto ajaribu tena pasipo kukemewa. Nne, mwalimu huangalia zaidi kuliko anavyosema.

Vifaa hivyo seremala wa Butembo aweza kuvichonga. Ugumu halisi umo katika lugha. Mtoto hupapasa herufi iliyokatwa kwa msasa huku akitamka sauti yake, wala si jina lake. Kisha hupanga herufi zinazohamishika na kuunda neno, hata kabla ya kujua kusoma. Basi sharti neno hilo liwe limekwisha kukaa kinywani mwake.

Kifaransa huandika sauti moja ya *o* kwa *o*, *au* na *eau*. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano: *meza* ni sauti nne, herufi nne. Kinande, lugha ya nyumba nyingi za Butembo na Beni, kina irabu saba, lakini maandishi ya kawaida hutumia herufi tano; *i* na *u* hubeba sauti mbili kila moja. Mtoto anayesikia *i* mbili hakukosea. Sanduku la herufi ndilo lililopungukiwa.

Sheria nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 imezikubali lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Kwa hiyo, darasa la wasemaji wa Kinande laweza kuanza kwa Kinande, herufi *i* na *u* zikitengenezwa kwa rangi mbili mbili. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya eneo la Beni yamewaleta mijini watoto waliohamishwa, na wengine wao husema Kimbuba au Kitalinga. Darasa lililochanganyika hivyo lafaa kuanza kwa Kiswahili, mradi kisemwe kwanza kwa mazungumzo na nyimbo. Kifaransa chaweza kungoja.

Mtoto anayepewa herufi za lugha asiyoisema hukariri tu. Kosa lake hawezi kulitambua mwenyewe, na hapo kanuni ya tatu imekwisha kuvunjika.